Ghala la Karafuu Linavyozungumza na Nyumba kwa Nuru Isiyoonekana

Msimu wa karafuu ukiingia, nyumbani kwetu nje kidogo ya Wete, Pemba, baba huitikia shikamoo yangu ya alfajiri, kisha huuliza neno moja tu: "Zasemaje?" Anaulizia karafuu zilizolala ghalani. Nami hutazama skrini ndogo iliyo juu ya friji nikamjibu: "Unyevu sabini na moja, baba. Joto ishirini na saba."

Namba hizo mbili hutoka ghalani, hatua kama ishirini nyuma ya nyumba. Kati ya ghala na nyumba kuna ukuta wa matofali wa mita tatu na mfenesi mkubwa. Hakuna waya uliopita hapo, na redio haitumiki. Ghala huwasha taa ya urujuanimno (ultraviolet, nuru isiyoonekana kwa macho) kuelekea mbinguni, hewa ikamwaga sehemu ndogo ya nuru hiyo upande wetu wa ukuta, na juu ya paa letu kuna kidude kinachohesabu chembe za nuru moja moja. Nimeulizwa na mafundi wenzangu namna nilivyofanya, kwa hiyo naandika hapa yote ninayoyajua, hasa yale yaliyonigharimu muda.

Kwanza muelewe kinachotokea hewani. Aliyewahi kukaa ufukweni Tumbe usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa nyuma ya rasi na karabai zao, ameshaona jambo hili. Taa zenyewe huzioni, jiwe limezikinga, lakini juu ya jiwe pana weupe. Huo ni mwanga uliopanda juu, ukagonga hewa na chembe za chumvi na maji, ukakengeuka, na baadhi yake ukaja machoni mwako. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mwaka 1871 kwamba molekyuli za hewa hutawanya nuru ya mawimbi mafupi kwa nguvu zaidi kuliko ya mawimbi marefu, na tofauti yake ni kubwa: ukikata urefu wa wimbi nusu, mtawanyiko unaongezeka mara 16. Ndiyo maana mbingu ni buluu. Urefu wa wimbi hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Na nuru ya taa yangu, ya nanomita 254, ambayo ni nusu ya nanomita 508 ya kijani, hutawanywa mara 16 kuliko hiyo kijani, hata zaidi kidogo.

Usidhani basi kwamba nuru nyingi inarudi. Katika miale elfu inayokwenda mita 20 hewani, molekyuli zenyewe hukengeusha kama sita tu, na hiyo sita inatawanyika kila upande. Kinachotufikia ni vumbi la vumbi. Kinachotuokoa ni kwamba katika mawimbi hayo jua halina sauti. Tabaka la ozoni lililo juu sana hunywa karibu nuru yote ya jua iliyo chini ya nanomita 280 kabla haijafika ardhini. Saa sita ya mchana, jua la Pemba likiwa utosini, kwa jicho linaloona urujuanimno huo mfupi peke yake mbingu ni nyeusi kama usiku usio na mwezi. Katika giza la namna hiyo hata nuru kiduchu inaonekana.

Wazo hili si langu. Mwaka 2000 wataalamu wa Maabara ya Lincoln ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, walikuwa tayari wameandika juu ya kuunganisha vihisi vilivyotapakaa ardhini kwa njia hii, bila kihisi kimoja kukiona kingine. Wao na waliowafuata wanatumia taa za LED za urujuanimno na tyubu zinazozidisha elektroni, vifaa ghali, na wanapitisha maelfu ya biti (tarakimu za sifuri na moja) kwa sekunde katika makumi ya mita. Mimi napitisha biti moja kila sekunde kumi. Nataka mtu aelewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo kazi nzima ilipokaa: karafuu hazikauki kwa sekunde. Zinaanikwa kwenye majamvi siku nne, tano, mvua za vuli zikiingilia huenda zaidi, na jioni zinarudishwa ndani. Ukijua hali ya ghala kila baada ya saa tatu umejua vya kutosha. Asiye na haraka anaweza kulipa kwa muda badala ya kulipa kwa fedha, na muda tunao.

Kuhusu redio, nisifiche. Kwa watu wengi redio ndogo ya bei nafuu inatosha, na kama ghala lako ni la ukuta wa kawaida na jirani zako ni kimya, tumia redio. Letu limezungushwa mabati pande zote, na pembeni yake kuna mashine ya kusaga ambayo mota yake inarusha cheche zikazamisha kipokezi changu cha redio cha megahezi 433 kutwa nzima. Ningeweza kutoa antena nje, kuongeza nguvu, kununua redio bora. Nilichagua nuru kwa sababu nimetengeneza redio miaka kumi na minne na nilitaka sana kuona kama hewa tupu inaweza kunipindishia kona. Inaweza.

Macho kwanza

Kabla hujashika taa, soma sehemu hii mara mbili. Urujuanimno wa nanomita 254 ndio unaotumika kuua vijidudu kwenye maji. Unachofanya kwa kijidudu, unafanya kwa ngozi ya jicho. Kikomo cha kimataifa cha ICNIRP (tume ya kukinga watu na mionzi ya aina hii) kwa urefu huo wa wimbi ni jouli 60 kwa kila mita ya mraba, kwa siku ya kazi ya saa 8. Taa ya wati 4, ndogo kabisa, yenye urefu wa kiganja, hutoa karibu wati 1 ya urujuanimno. Ukiiweka wazi sentimita 30 kutoka usoni, kikomo cha siku nzima kinamalizika kwa muda wa kama dakika moja. Umbali wa mita moja unapata kama dakika kumi na mbili.

Na ubaya wake ni kwamba huhisi kitu wakati ule. Taa inatoa rangi ya samawati hafifu, nzuri hata kutazama. Maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakawa kama yametiwa mchanga wa pwani, machozi hayakatiki. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanayajua vizuri sana macho hayo, maana tao la umeme nalo linatoa nuru hiyohiyo.

Kwa hiyo: ukifanya kazi mezani, taa iwe ndani ya sanduku lililofungwa, na uvae ngao ya uso mzima ya plastiki ya polikaboneti pamoja na mikono mirefu na glavu. Plastiki hiyo inaizuia kabisa nuru ya nanomita 254, ijapokuwa unaona kupitia kwake. Miwani ya kawaida inazuia mbele lakini inaacha pembeni wazi. Weka swichi kwenye kifuniko cha sanduku ili kikifunguliwa tu taa izimike. Swichi ya mlango wa friji inafaa sana. Nje, taa ikae juu kuliko mtu yeyote, na iangalie juu. Sisi tulipoipanda tulimwita mtoto wa ami yangu anayetuchumia mafenesi, tukamwonesha sanduku, tukapanga kwamba hapandi mti kabla hajazima swichi nyekundu iliyo ukutani. Mtu anayepanda mti ndiye pekee anayeweza kuingia mbele ya nuru hii, na Pemba watu wanapanda miti kila siku.

Taa ina zebaki ndani. Ikivunjika fungua milango, ondoka dakika kumi na tano, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na solotepu. Usifagie kwa ufagio.

Taa na mdomo wake

Usitafute taa maalumu. Tafuta taa ya mtambo wa kusafishia maji kwa mwanga, ile inayotumika majumbani na kwenye hoteli. Yangu niliipata Darajani, Unguja, pamoja na mfuko wake wa kwatsi (quartz, madini angavu kama kioo). Mfuko huo ni bahati kubwa. Kioo cha kawaida kinameza nuru ya nanomita 254 yote, haipiti hata kidogo. Kwatsi inaipitisha karibu yote. Kwa kuwa mfuko umezibwa upande mmoja, taa inakaa ndani haipati mvua wala chumvi, na huhitaji dirisha jingine. Muulize muuzaji kama taa ni ya aina isiyotoa ozoni. Zinazotoa ozoni zina nuru ya nanomita 185 pia, zina harufu kali kifuani, na ozoni yenyewe inameza nuru unayoitaka.

Nyuma ya taa weka bati lililokunjwa kama mfereji, lililovikwa karatasi ya alumini ya jikoni, upande unaong'aa ukitazama taa. Alumini inaakisi urujuanimno vizuri. Chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa macho kinaonekana kinang'aa vilevile, kinarudisha sehemu ndogo tu. Nilianza nacho nikapoteza wiki.

Taa za zebaki hazipendi kuwashwa na kuzimwa kila sekunde. Zinachelewa kupata nguvu, na kila mwasho unakula umri wake. Ndiyo sababu taa yangu inawashwa mara nane kwa siku, inaachwa dakika mbili ipate moto, halafu inayosema ni pazia: kipande cha bati chembamba kilichofungwa kwenye mota ndogo ya servo, kinachofunika na kufunua mdomo wa mfereji. Servo yenyewe ifiche nyuma ya bati, maana plastiki yake ikipigwa na nuru hii inakuwa kavu na kuvunjika kama biskuti.

Yote haya yanaendeshwa na betri ya volti 12 ya saa-ampea 7 na paneli ya wati 20. Kila ujumbe, pamoja na kupasha taa moto na kutumwa mara mbili, unachukua dakika kama nane na nusu, kwa siku ni saa moja na dakika chache. Betri inatuvusha siku tano za mawingu mazito bila kushuka chini ya nusu. Kihisi cha unyevu na joto ni SHT31, ambacho kinakosea kwa asilimia mbili hivi, kimewekwa ndani ya kopo lenye matundu katikati ya ghala, mbali na mlango.

Sikio la juu ya paa

Kipokezi ni tyubu ya kuhisi moto, inayotumika viwandani kugundua ndimi za moto. Niliyo nayo ni UVTRON R2868 ya Hamamatsu, ndogo kama ncha ya kidole. Inaona kuanzia nanomita 185 hadi 260, basi. Jua haioni, taa za nyumbani haizioni. Ndani yake kuna bamba la chuma na gesi. Chembe moja ya nuru ikilipiga bamba inaweza kung'oa elektroni moja, umeme wa volti 325 hivi unaikimbiza elektroni hiyo ndani ya gesi, na mlipuko mdogo wa umeme unatokea. Unapata pigo moja. Hilo la nuru kung'oa umeme kwenye chuma aliliona mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz mwaka 1887, akiwa kwenye majaribio yaleyale yaliyothibitisha mawimbi ya redio: cheche zake zilipata nguvu zikimulikwa na cheche nyingine, akiweka kioo katikati zinadhoofika, akiweka kwatsi zinarudi. Kila fundi redio anajua habari ya mawimbi yake. Mimi hii ya nuru niliijua baada ya kununua tyubu.

Angalia jambo moja. Taa za LED za nanomita 275, ambazo sasa zinapatikana kirahisi, tyubu hii haizioni kabisa. Mtu akikuuzia vyote viwili kama jozi, umepoteza fedha. Angalia pia sakiti ya kuiendesha: baadhi yake zina kichujio kinachosubiri mapigo kadhaa kabla ya kutoa ishara, kwa ajili ya kazi ya zimamoto. Wewe unataka mapigo ghafi, kabla ya kichujio. Na usiguse sehemu ya volti 325 hata kama betri yake ni ya volti 5.

Weka tyubu mwisho wa kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, ndani umelipaka rangi nyeusi, mdomo umekatwa mshazari ili mvua isiingie. Peleka mapigo kwenye Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja), iyahesabu.

Jaribio la kwanza ni kiberiti. Washa njiti mita tatu mbele ya tyubu usikie mapigo yanavyomiminika. Halafu weka bilauri ya kioo mbele ya tyubu, washa tena. Kimya. Unaiona njiti inawaka mbele ya macho yako, tyubu haioni kitu. Jaribio hilo la bilauri litakusaidia siku zote, kwa sababu ndilo linalotenganisha nuru na kelele za umeme: mapigo yakikoma ulipoweka kioo, ni nuru, yakiendelea, tafuta waya uliolegea.

Kutafuta pembe

Kazi hii ifanye jioni, watu wawili, kwa simu. Mmoja ghalani akiwa amevaa ngao, mwingine kwenye paa la nyumba. Fungua pazia, acha taa iwake mfululizo, hesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha badilisha pembe ya pande zote mbili.

Mimi nilianza kwa kuelekeza vyote viwili juu moja kwa moja, nikapata mapigo 31 kwa dakika. Taa ikiwa imefungwa nilikuwa napata 4, hiyo ndiyo kelele ya tyubu yenyewe. Nikaviinamisha vielekeane juu ya ukuta: kwenye nyuzi 60 kutoka ardhini nikapata 74, kwenye nyuzi 45 nikapata 132. Sababu inaeleweka. Nuru inayokwenda juu na macho ya tyubu yanayotazama juu yanakutana katika kipande fulani cha hewa, na ukiinamisha kipande hicho kinakuja karibu. Ningeshuka hadi 30 ningepata zaidi, lakini hapo miale ingepita karibu na dirisha la juu la jirani. Nilibaki kwenye 45. Tafadhali na wewe usishuke chini ya hapo kwa uroho wa mapigo.

Mfenesi ulitusumbua. Jani halipitishi nuru hii, na jani linalopigwa nayo kila siku linaungua. Tulikata matawi mawili. Ukungu wa alfajiri kinyume chake unasaidia kidogo: hewa ikiwa na chembe nyingi mapigo yanaongezeka, kaskazi kavu ikivuma yanapungua.

Namna ya kusema

Ukipata mapigo 132 kwa dakika, sekunde tano zinakupa 11 hivi. Lakini chembe za nuru haziji kwa foleni. Sekunde tano moja inaleta 8, nyingine 14. Usiweke mpaka mmoja ukasema "zaidi ya sita ni moja, chini yake ni sifuri", kwa sababu mpaka huo utahama kila hali ya hewa ikibadilika. Gawa kila biti vipande viwili vya sekunde tano. Moja ni kufunua kisha kufunika. Sifuri ni kufunika kisha kufunua. Kipokezi kinalinganisha vipande viwili hivyo tu: kipi kimezidi? Kelele za tyubu zipo pande zote mbili, zinajifuta zenyewe.

Hizi ni hesabu za kweli kutoka daftari langu, biti saba za unyevu asubuhi ile ya sabini na moja:

12 na 0. 1 na 9. 0 na 13. 0 na 10. 11 na 1. 8 na 0. 14 na 0.

Isome: moja, sifuri, sifuri, sifuri, moja, moja, moja. Yaani 64 jumlisha 4, 2 na 1. Sabini na moja. Siku ya kwanza nilipoona safu hiyo imetoka sawa na namba niliyoiandika ghalani kwa mkono, nilimwamsha baba.

Baada ya biti saba za unyevu zinafuata sita za joto, mbili za namba ya kituo, na moja ya ushahidi, inayofanya idadi ya moja zote katika ujumbe iwe shufwa. Jumla 16, sekunde 160. Mwanzo wa ujumbe unatambulika kwa pazia kuwa wazi sekunde 20 mfululizo, kisha kufungwa 10. Katika ujumbe wenyewe pazia haliwezi kubaki wazi zaidi ya sekunde 10, kwa hiyo alama hiyo haichanganyiki na kitu. Kila upande una saa ya DS3231 ili kipokezi kijue lini kianze kusikiliza, lakini usitegemee saa peke yake kupanga biti. Zinaachana taratibu, na baada ya mwezi kosa linaweza kufika sekunde kadhaa.

Kipokezi changu kinakataa biti yoyote ambayo tofauti ya vipande vyake ni chini ya mapigo matatu, na kinakataa ujumbe mzima kama biti ya ushahidi haikubali. Kinasubiri marudio. Marudio nayo yakikataliwa, skrini inaonesha kistari, si namba ya zamani. Hilo nalisisitiza: bora baba aone kistari akaende ghalani mwenyewe kutia mkono kwenye karafuu, kuliko kuamini namba ya jana wakati zinavunda.

Moto wa mama na tao la jirani

Mwanzoni niliweka tyubu kwenye dirisha la jiko. Ujumbe wa mchana ulikuja safi, wa alfajiri ulikuja takataka kila siku. Nilibadilisha waya, nikabadilisha betri. Asubuhi ya nne nikakaa pale na kisikilizio cha mapigo sikioni, mama akaingia, akapuliza kuni, ndimi zikapanda, na tyubu ikaanza kupiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilikuwa nimenunua kihisi cha moto nikakiweka jikoni. Nikakihamishia kwenye paa, kikitazama mbingu, mgongo kwa jiko.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Fundi mmoja wa kuchomelea ana kibanda chake mita themanini kutoka kwetu, hatuoni kibanda hicho kutoka kwenye paa. Hata hivyo akichomelea madirisha, hesabu zangu zinaruka kutoka 11 hadi mamia, vipande vyote viwili vya biti. Nilishangaa kwa muda kabla sijaelewa kwamba tao lake linafanya kilekile kinachofanywa na taa yangu: linamulika hewa juu ya kibanda, na hewa inamwaga upande wetu. Alikuwa anatangaza bila kujua, kwa nguvu kubwa kuliko mimi.

Dawa ilikuwa mbili. Katika programu niliongeza sharti: kipande chochote kikizidi mapigo 40, tupa ujumbe. Kisha nilimwendea. Nilimkuta anachomelea kwa kufumba macho na kugeuza uso, kofia ya ngao imetundikwa msumarini. Nikamwonesha hesabu za daftari, nikamwambia nuru yake inafika hadi kwenye paa letu ikipinda kona, sasa yeye aliye mbele yake anapata kiasi gani? Alikaa kimya, akachukua kofia. Tuliafikiana kwamba saa sita na saa tisa mchana atapumzika dakika kumi, na mimi nikampangia mwanawe kazi ya kusafisha tyubu kila Ijumaa.

Kusafisha ni kwa maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke wake, na pamba. Chumvi ya bahari inajenga utando usiouona kwenye kwatsi na kwenye tyubu. Ndani ya wiki tatu bila kufutwa, mapigo yangu yalishuka kutoka 132 hadi 90 na kitu. Usishike kwatsi kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaungulia juu yake. Nyigu wanapenda bomba la tyubu, chungulia kabla ya kuingiza kidole.

Ukitaka kuongeza kituo cha pili, usinunue kipokezi kingine. Mpe kila kituo namba yake na zamu yake: ghala letu linaanza saa kamili, ghala la ami litaanza nusu saa baadaye, wote wakielekeza nuru kwenye kipande kilekile cha hewa juu ya ukuta. Tyubu moja inawasikiliza wote wawili. Cha kuangalia ni pembe ya ami, kwa sababu kwake kuna minazi miwili, na mgema anapanda asubuhi na jioni. Swichi nyekundu iwekwe chini ya mnazi, si ghalani.